Kengele ya Gari Lisilo na Injini

Gari halikuwa na injini, lakini dereva lilikuwa naye. Kila siku baada ya kifungua kinywa Mzee alivaa kofia yake, akabeba kikombe chenye chai ya mwisho na kijiko ndani yake, akavuka ua kwa mwendo wa mtu anayechelewa miadi, akaingia kwenye lile gari bovu lililoegemea ukuta kwa miaka tisa. Alifunga mlango, akashika usukani kwa mikono miwili, akaondoka. Alikokwenda hakuna aliyekujua. Saa saba alirudi amechoka, akiwalaumu madereva wenzake kwa ujinga wao.

Binti yake alimwacha aende. Safari za Mzee ndizo zilizokuwa likizo zake.

Mtaani walimwita Cheche kwa sababu mbili, kazi yake na ulimi wake. Alikuwa fundi umeme wa magari, mwanamke wa miaka arobaini na minane, mwenye ndoa moja iliyokwisha ambayo hakupenda kuulizwa, karakana ya mabati mbele ya nyumba, na baba nyuma ya nyumba. Kati ya karakana na ua kulikuwa na vyumba vitatu na ukumbi mrefu wa giza. Aliye mbele hakumwona aliye nyuma, wala hakumsikia, kwa sababu jirani alikuwa mchomeleaji na grenda yake ilipiga kelele kutwa. Mbele kabisa ilipita barabara kuu ya malori, na malori yale hayakuwa na breki za kumsubiri mzee aliyesahau alikokuwa akienda.

Maana Mzee alikuwa akisahau. Alianza na vitu vidogo kama watu wote, miwani, funguo, siku ya wiki. Kisha akasahau kwamba mkewe amekufa, naye ndiye aliyemzika. Halafu asubuhi moja alimwita Cheche "fundi", kwa adabu kabisa, akamwuliza kama amemwona binti yake. Cheche alicheka akidhani ni utani. Alipotambua kwamba si utani aliingia bafuni, akafungua bomba ili asisikike.

Mikono ya Mzee tu ndiyo haikusahau. Alikuwa fundi redio kabla ya kuwa fundi wa magari, na yote aliyoyajua Cheche alifundishwa naye. Hata sasa ungempa waya angekuambia habari zake kwa vidole. Alikuwa na tabia moja ambayo mafundi wa rika lake waliicheka sana: hakuamini waya kwa kuujaribu mara moja. Aliugusisha kwenye bodi ya gari, ta-ta-ta, akatulia, akarudia, ta-ta-ta. "Ya kwanza ni bahati," alikuwa akisema. "Ya pili ni bahati ya jirani. Ya tatu ndiyo umeme."

Alikwisha toroka mara mbili. Mara ya kwanza alirudishwa na muuza mkaa. Mara ya pili Cheche alimkuta katikati ya barabara kuu, bisibisi mkononi, akiyaongoza malori kama askari, na madereva wakimkwepa na kumtukania wazazi. Alimshika mkono akamtoa pale, na Mzee akamwambia asiwe na wasiwasi, foleni itaisha sasa hivi.

Habari zilimfikia kaka yake mkubwa. Huyu aliishi mbali, safari ya siku nzima kwa basi, na alimlea baba yake kwa simu.

"Mfungie chumbani," kaka alisema.

"Baba si mbuzi."

"Basi nitampeleka kwenye ile nyumba ya wazee. Kuna geti, kuna walinzi."

"Na kufuli."

"Kufuli ni nini mbele ya lori, mdogo wangu? Likimpata jambo moja tu tena, moja, nakuja kumchukua. Sitauliza mtu."

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, Cheche alitaka kumjibu, lakini simu ilikuwa imekwisha katwa. Nyumba ile ya wazee aliijua. Aliwahi kwenda kuwatengenezea gari lao, akawaona wazee wameketi mstari mmoja kwenye benchi wakitazama ukuta, na mlango umefungwa kwa nje saa nne ya asubuhi. Alirudi nyumbani akaapa kwamba baba yake hatafungiwa na mtu maadamu yeye ana mikono. Lakini tuseme ukweli wote. Kaka alipoitaja ile nyumba, moyo wa Cheche ulikuwa umeruka kidogo kwa furaha, kama wa mfungwa anayesikia funguo. Alijichukia kwa jambo hilo siku nzima na siku iliyofuata.

Ndipo akafikiria kengele. Kigeti cha ua hakikufungika, kwa sababu bomba la maji lilikuwa uani na majirani walikuja kuchota asubuhi na jioni, saa za maji kutoka. Lakini mlango wa dereva wa lile gari ulikuwa wa Mzee peke yake. Kwenye nguzo ya mlango wa gari kuna kitufe kidogo. Mlango ukifungwa hukibonyeza, ukifunguliwa kitufe huchomoza na taa ya ndani ikawaka. Cheche alitaka kitufe hicho hicho kiwashe kengele kwenye ukuta wa karakana. Mzee akifungua mlango, kengele italia, naye atafika kabla hajafika barabarani.

Kikwazo kilikuwa kimoja. Kengele aliyoipata, aliyoing'oa kwenye gari lililogongwa, ilitaka kupewa chanya ndipo ilie. Kitufe cha mlango chenyewe kilikuwa kikitoa hasi, kwa kuugusisha waya kwenye bodi ya gari, basi. Ukiviunganisha hivyo hivyo vitatazamana mpaka jua lizame.

Alikuwa amekaa uani akiikodolea macho ile kengele, Mzee kando yake akimenya chungwa. Mzee alifuta mikono kwenye suruali, akaichukua, akaigeuza.

"Hii inataka chanya," alisema.

"Ndiyo, Mzee."

"Na mlango unakupa nini?"

"Hasi."

"Sasa si umtafute mkalimani, fundi! Transista moja na rezista mbili. Chanya ipite kwa transista, hasi ya mlango iende kwenye besi, mguu wake wa kupokea amri. Mlango ukisema hasi, mkalimani anaiambia kengele chanya. Mlango ukinyamaza, naye ananyamaza." Alimrudishia kengele, akarudi kwenye chungwa lake. "Binti yangu angekuambia hivyo hivyo. Yule kazi anaijua."

Cheche alilehemu mchana ule ule. Alibandua plastiki iliyo karibu na goti la dereva, mahali waya wa mlango unapopita kwenda chini, akaumenya kidogo, akaungia waya wake hapo, akazungushia utepe mweusi. Kidude cha transista alikifunga chini ya dashibodi, akalitia gari betri aliyoichaji karakanani, na waya mrefu ukapita juu ya dari ya nyumba mpaka karakanani. Mzee alimshikia tochi. Alikuwa akimsaidia kumfungia yeye mwenyewe mlinzi, na alifanya hivyo kwa moyo mkunjufu, akimsahihisha pale risasi ya kulehemu ilipokuwa nyingi. Cheche alijiona kama mtu anayemwibia kipofu huku kipofu akimshikia mfuko.

Lakini ilifanya kazi. Mlango ulifunguka, kengele ikalia. Mlango ukafungwa, kimya. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi Cheche alimaliza kazi ya mteja bila kukimbilia uani kila baada ya dakika kumi. Alikipenda kile kimya. Alikunywa chai ikiwa bado ya moto.

Mambo mengine yalifuata moja moja. Mzee aligundua milango ya nyuma, ambayo haikuwa na kitufe, akatokea huko. Cheche akaweka zile kufuli za watoto, ikawa haifunguki kwa ndani. Mlango wa pili wa mbele ulikuwa umebanwa na ukuta tangu zamani. Mzee alipiga honi kutwa nzima, majirani wakaja juu. Cheche akang'oa fyuzi ya honi. Mzee aliwasha vipangusio vya kioo mpaka betri ikafa. Cheche akachukua ufunguo, akawa anautia yeye tu asubuhi, kushusha vioo vya umeme ili hewa iingie, kisha anauchomoa. Kila jambo lilikuwa na sababu yake nzuri. Yote kwa pamoja yalikuwa kitu kingine, ila Cheche hakuwahi kuyatazama kwa pamoja.

Ijumaa ile kulinyesha alfajiri. Cheche alikimbia uani na kanga kichwani, akapandisha vioo vyote vinne viti visilowe, akatia ufunguo kwenye mfuko wa ovaroli. Kabla hata hajakaa, mteja alikuwa mlangoni. Alikuwa mwalimu wa hesabu, mtu mwembamba mwenye rundo la madaftari kwapani, na gari ambalo ukiwasha taa ya kulia linawasha ya kushoto.

"Ninalihitaji leo, fundi," alisema mwalimu. "Nimeshaogopa kukata kona."

"Nenda moja kwa moja, utafika tu," alimjibu Cheche, akampa kiti cha plastiki.

Saa tatu Mzee alipita ukumbini na kofia yake na kikombe chake. Mvua ilikuwa imekata.

"Safari njema, Mzee."

"Leo napita njia ya juu," alisema Mzee. "Chini kumejaa."

Cheche alisikia kengele ikilia mlango ulipofunguka, kisha ikanyamaza ulipofungwa. Akajua baba yake yuko salama. Alikwisha ingiza kichwa chini ya usukani wa gari la mwalimu, na habari ya vioo haikumjia kabisa. Kufikia saa nne jua lilikuwa limetoka kwa hasira, kama linalodai muda wake ulioliwa na mvua. Mabati ya karakana yalianza kulia. Mwalimu alijipepea kwa daftari la mtoto aliyepata sifuri, akisema angalau limefaa kwa kitu.

Saa tano kasoro kengele ililia.

Cheche alitoka chini ya usukani mbio, akakata ukumbi, akafika mlango wa jikoni unaotazama ua. Jua lilimpiga machoni. Gari lilikuwa palepale, mlango wa dereva umefungwa, na nyuma ya kioo kilichokuwa kikimetameta aliiona kofia ya Mzee. Mzee aliinua mkono. Cheche akampungia. Akarudi kazini, moyo ukimtulia njiani.

Hajakaa vizuri, kengele tena. Ilikuwa fupi fupi, ya kukatikakatika. Akasikiliza, bisibisi hewani. Ikaacha. Ikaanza tena.

"Kuna mtu mlangoni?" aliuliza mwalimu.

"Hakuna. Ni swichi. Mvua imeingiza maji kwenye kitufe." Alilisema kwa uhakika wa fundi, na ndivyo fundi yeyote angesema. Mlango umefungwa, ameuona kwa macho yake, kengele inalia, basi kitufe kimelowa, au waya umelegea, au kutu. Miaka ishirini na tano amekuwa akiambiwa na wateja "inawaka inazima", na miaka ishirini na tano jibu limekuwa hilo. Mtu asiye fundi labda angeondoka kwenda kutazama tena. Cheche alijua mno.

Kengele ililia tena. Mwalimu alikunja uso, akapoteza alipofika katika kujumlisha alama. Grenda ya jirani nayo ilikuwa ikisaga chuma. Cheche alikuwa na waya tatu mkononi ambazo hazikufanana na mchoro wowote duniani, na ghafla alichoka, si na kengele tu, na kila kitu. Alichoka na kusikilizia. Alichoka na kuishi huku sikio moja liko nyuma ya nyumba. Alisimama juu ya ndoo, akashika waya wa kengele ukutani, akauchomoa.

"Nitakikausha hicho kitufe nikimaliza," alisema.

"Mungu akubariki," alisema mwalimu.

Kikaja kimya, na Cheche, hakika, alikifurahia.

Alifanya kazi dakika ishirini hivi, pengine zaidi. Baadaye alijaribu kuzihesabu mara nyingi na kila mara zilikuwa tofauti. Alipata kosa la gari la mwalimu: mtu fulani, fundi kwa jina tu, alikuwa amebadilisha waya za taa mbili. Alikuwa akimtukana mtu huyo kimoyomoyo mwalimu aliposema, bila kuinua macho kwenye madaftari:

"Ila mbovu yako inajua hesabu kuliko wanafunzi wangu."

"Mbovu ipi?"

"Kengele. Inalia tatu, inapumzika. Tatu, inapumzika. Haikukosea hata mara moja. Samahani, ndio ugonjwa wangu, siwezi kusikia kitu nisikihesabu."

Cheche alibaki ameinama. Maji hayahesabu. Kutu haihesabu, wala waya uliolegea. Ya kwanza ni bahati, ya pili ni bahati ya jirani.

Bisibisi ilianguka. Alikimbia akigonga mabega kwenye kuta za ukumbi wa nyumba aliyozaliwa, akatoka uani, na safari hii hakusimama mlangoni. Alifika kwenye gari, akaona vioo. Vyote vinne vilikuwa juu, hadi mwisho, kama alivyovipandisha yeye. Alivuta mlango kwa nje ukafunguka, na joto lililotoka mle lilimpiga usoni kama la tanuri.

Mzee alikuwa ameegemea nguzo ya mlango, kofia imeshuka, shati limeganda mwilini. Mapajani mwake kulikuwa na kitasa cha ndani cha mlango, plastiki ya zamani, kimevunjika vipande viwili. Plastiki ya karibu na goti ilikuwa imebanduliwa vizuri, bila kuvunjwa, kama anavyobandua mtu wa kazi. Utepe mweusi ulikuwa umefunguliwa. Kile kiungo alichokilehemu Cheche mwenyewe kilikuwa wazi, na chini yake, kwenye zulia, kilikuwa kimedondoka kijiko cha chai.

Hakuhitaji kuelezwa. Kitasa kilivunjika. Milango ya nyuma aliifunga yeye. Honi aliing'oa yeye. Ufunguo ulikuwa kwenye mfuko wake, ukimchoma paja. Basi mtu ambaye hakujua mwaka huu ni mwaka gani alikaa katika joto lile akakumbuka kwamba mlango hutoa hasi, kwamba hasi iko kila mahali kwenye bodi ya gari, na kwamba ukiutafuta waya wa kitufe ukaugusisha kwenye boliti kwa kijiko, gari litadhani mlango umefunguka. Mkalimani atasema chanya. Kengele italia. Alibisha hodi kwa ndani, kwa mlango wa pekee aliobakiziwa. Na alipomwona bintiye kwenye mlango wa jikoni, alinyoosha mkono wa kuomba kutolewa, naye akampungia.

"Baba," Cheche aliita. "Baba! Baba!"

Kifua kilipanda. Mwalimu alikwisha fika, akashika miguu bila kuulizwa, wakamtoa wakamlaza kivulini penye sakafu ya jikoni. Mabomba hayakuwa na maji saa hizo. Walimwagia ya ndoo, wakamwekea vitambaa kwapani na shingoni. Mwalimu alikimbia kumwita nesi aliyeishi mtaa wa pili, kwa miguu, kwa kuwa swichi na waya za gari lake zilikuwa zimetapakaa kwenye meza ya kazi. Cheche alimnywesha baba yake maji kwa kijiko kile kile. Hakulia. Kilio kingemchukulia muda.

Nesi alikuja na mkoba wake, akapima, akauliza alikaa mle muda gani. Alisema mapigo yamerudi, anywe kidogo kidogo, apelekwe zahanati akitapika au akizidi kuchanganyikiwa. "Una bahati, mama," alisema akiondoka. "Nusu saa nyingine, tungekuwa tunaongea mengine."

Majuto ni mjukuu, husemwa, lakini ya Cheche hayakungoja hata chakula cha mchana. Alikaa sakafuni, kichwa cha baba yake kwenye paja la ovaroli, akimpepea kwa daftari la mwanafunzi. Mzee alifumbua macho. Alimwangalia kwa muda mrefu, kwa upole, kama mtu anayemwangalia mgeni aliyemfanyia wema.

"Fundi," alisema.

"Naam, Mzee."

"Umemwona binti yangu?"

Cheche alizidi kumpepea.

"Nilimwita sana," alisema Mzee. "Nilimwita kwa njia ambayo angeielewa. Nilimfundisha mwenyewe." Akameza mate. "Hakuja. Sijui yuko wapi, maana si kawaida yake."

Cheche aliinamisha uso mpaka paji lake likagusa paji la Mzee, na hapo ndipo alipolia, kwa sauti, kama alivyolia utotoni alipopigwa shoti ya kwanza. Mzee alimpigapiga bega. "Basi, fundi," alimwambia. "Basi. Atakuja."

Saa tisa kaka alipiga simu, kama kila Ijumaa. "Vipi, kile kifaa chako kinafanya kazi?"

Na hapa jibu lilikuwa tayari ulimini. Kifaa kilifanya kazi. Transista haikukosea, rezista hazikukosea, kengele ililia kila ilipoambiwa. Angeweza kusema "kinafanya kazi vizuri sana" na asingekuwa amesema uongo, na Mzee angebaki nyumbani. Alimtazama Mzee kwenye mkeka, akicheza na kijiko.

"Kilifanya kazi," alisema. "Mimi ndiye sikufanya. Nimemfungia, kaka. Nilikuambia baba si mbuzi, halafu nimemfungia juani ndani ya bati. Ameniita, nikachomoa waya." Alimwambia yote, vioo, kufuli, kitasa, ule mkono aliompungia. Hakujipunguzia hata nukta.

"Nakuja kesho," alisema kaka.

"Njoo. Nilikuwa nataka kukuambia uje. Lakini usije kumchukua. Njoo na nguo zako za mwezi mzima, ukae naye zamu yako. Mimi peke yangu siwezi, na sitamani tena kuweza."

Kimya kilifuata kwenye simu. Cheche alikwisha jifunza siku hiyo kwamba kimya ni cha aina nyingi na kwamba hakuna fundi wa kukipima. Alisubiri, kisha akaiweka simu chini, bado ikiwa wazi, akaenda kutafuta spana.

Boliti za bawaba zilikuwa na kutu. Alizipaka oili, akazilazimisha kwa spana mpaka zikalegea, akaung'oa mlango wa dereva mzima mzima, yeye na mwalimu, wakauegemeza ukutani. Kengele haikuwa na mlango wa kulinda tena. Akaburuta meza yake ya kazi kutoka karakanani, kupitia ukumbini, ikikwaruza kuta pande zote mbili, akaitua uani hatua mbili kutoka kwenye gari. Wateja watavuka nyumba yake kumfuata. Wakikataa, waende kwingine. Ua ulikuwa mdogo. Ukuta huku, ukuta kule, gari, meza, na yeye katikati.

Kabla ya magharibi Mzee aliamka akataka kwenda safari. Nesi alikuwa amekataa, lakini kulikuwa na kivuli, na gari sasa lilipitisha upepo kama kibaraza. Cheche alimshika mkono akamketisha. Mzee alishika usukani, akatazama pale palipokuwa na mlango, akaona si jambo la kuulizia. Akatoa kijiko mfukoni. Akagonga kwenye bodi ya gari, ta-ta-ta.

"Nipo," alisema Cheche, mikono ikiwa kwenye waya za mwalimu.

Mzee alitulia kidogo. Ta-ta-ta.

"Nipo."

Mwalimu, kwenye kiti chake cha plastiki, alihesabu mpaka thelathini na mbili, kisha kwa mara ya kwanza maishani mwake akaacha kuhesabu. Cheche hakuacha kuitika. Mara nyingine alikuwa na skrubu midomoni, akaitika nazo. Mara nyingine alitamani kulitupa lile koleo na kupita kigetini na kwenda tu, na akaitika huku akitamani.

"Fundi," Mzee alisema mwisho, akimgeukia.

"Naam, Mzee."

"Wewe unaitika kama binti yangu."

"Ndiyo, Mzee."

Mzee alitikisa kichwa, ameridhika, akageukia barabara yake. Kisha akasahau, akagonga tena.